Legacy, Mark X au Audi: sedani ya 4WD kwa hela ya mtu wa kawaida

Ukitaka sedani yenye moto inayosukuma tairi zote nne, ushauri wangu ni Subaru Legacy B4 yenye injini ya 2.5 isiyo na turbo, umbo lililotoka mwishoni mwa 2014. Najua wengi watashangaa. Jina la Subaru kwa mafundi wetu linaambatana na gasketi kuungua, na kijana anayetafuta gari la kasi anataka kusikia turbo. Nitaeleza kwa nini bado nasimama hapo, baada ya kuyaangalia magari yanayoshindana nalo kwa karibu: Toyota Mark X ile ya Four, Audi A4 quattro (Four na quattro ni majina ya 4WD zao), na ndugu ya Legacy mwenyewe, Subaru WRX S4. Lancer Evolution siiweki humu. Mitsubishi waliacha kuitengeneza, na zilizobaki zinauzwa kwa bei ya watu wanaokusanya magari.

Nianze na bei, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Mtu anaingia mtandaoni usiku, anaona Mark X ya 2012 inauzwa Japani kwa bei ya kutupwa, analala akiwa na furaha. Asubuhi akiweka gari hilohilo kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, furaha inaisha. Ushuru wa forodha ni 25% ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima. Juu yake unakuja ushuru wa bidhaa, 5% kwa injini inayozidi cc 1000 hadi 2000, na 10% ikizidi hapo. Gari likiwa na umri wa miaka 8 hadi 10 linaongezewa 15%, likizidi miaka 10 linaongezewa 30%. Halafu VAT ya 18% inakaa juu ya jumla yote hiyo.

Chukua gari ambalo thamani yake hadi bandarini ni Sh milioni 20. Likiwa na injini ya 2.5 na limezidi miaka 10, kodi hizo zote zinalifikisha Sh milioni 41.3. Gari la thamani ileile, injini ileile, lakini lipo chini ya miaka 8, linafika Sh milioni 32.45. Tofauti ni karibu milioni 9, na hapo tozo ndogondogo hazijaingia. Sasa linganisha na injini ya 2.0 iliyo chini ya miaka 8, kama ya WRX S4 au Audi A4: inafika karibu Sh milioni 31. Yaani kuikimbia injini ya 2.5 kumekuokolea milioni moja na nusu tu. Kinachouma ni umri. Watu wanabishana kuhusu cc wakati mwaka wa kutengenezwa ndio unaomaliza hela. Na kumbuka TRA wana thamani zao wenyewe za magari yaliyotumika, kwa hiyo ile bei uliyobembeleza kwa muuzaji wa Japani inaweza isikusaidie kwenye hesabu hiyo.

Kenya hesabu ni nyingine kabisa, kwa sababu gari lililozidi miaka 8 haliingii. Toyota walisimamisha Mark X mwishoni mwa 2019, na Legacy B4 ikaondoka sokoni Japani mwaka uliofuata, kwa hiyo huko dirisha linajifunga. Anayezitaka atazitafuta ndani ya nchi, mkononi mwa mtu.

Na ukinunua mkononi mwa mtu, utakutana na ugonjwa wa namba. “Kaka, hii namba E!” Muuzaji anaitamka kama vile imetoka kiwandani jana. Namba ya gari inaonyesha lini limesajiliwa Tanzania, basi. Gari la 2009 lililoshuka bandarini juzi lina namba E, na la 2016 lililokuja mapema lina namba D. Nimeona watu wakiliacha gari jipya zaidi, lililotunzwa vizuri zaidi, kwa sababu ya herufi hiyo moja, na inanisikitisha kila mara.

Kilomita ndilo jambo linalonigusa kuliko yote. Hapa kwetu mtu akiona 60,000 kwenye dashibodi roho inatulia, akiona 130,000 anaondoka. Mimi ningemwambia arudi. Japani wana ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken, wa kwanza baada ya miaka 3 na baada ya hapo kila miaka 2, na kilomita huandikwa. Karatasi ya mnada nayo inazo, pamoja na alama za kila mkwaruzo, kila bonde na kila paneli iliyobadilishwa, na ikiwa gari liliwahi kupata ajali kubwa litapewa daraja la R. Cheti cha kulisafirisha gari nje pia kina kilomita. Gari lenye 130,000 na karatasi zote hizo zikikubaliana ni gari unalolijua. Gari lenye 60,000 na maneno matupu hulijui.

Kuna kitu kidogo ambacho wanaorudisha kilomita nyuma mara nyingi husahau. Gereji za Japani zikibadilisha oili hubandika stika, ama kwenye fremu ya mlango wa dereva ama chini ya boneti, yenye tarehe na kilomita za siku hiyo. Niliwahi kufungua mlango wa Legacy moja yadi, dashibodi inasoma elfu sitini na kitu, stika ya mlangoni imeandikwa 94,000. Mwaka kwenye stika hizo mara nyingine ni wa Kijapani, kwa hiyo ukiona 28 usidhani ni tarehe: Heisei 28 ni 2016. Muuzaji aliitazama ile stika, kisha akasema labda ni ya gari jingine. Mlango ulikuwa wa rangi ya kiwandani, na haujawahi kufunguliwa bolti hata moja. Tazama pia mpira wa pedali ya breki na ubavu wa kiti cha dereva upande wa kushukia. Gari la kilomita 60,000 halina pedali iliyolika mpaka chuma kinachungulia.

Sasa heshima ya majina. Subaru na Audi wote wawili walilipata jina Afrika Mashariki kwa jasho. Hannu Mikkola alishinda Safari Rally ya 1987 akiwa na Audi 200 quattro, Colin McRae akashinda ya 1997 na Richard Burns ya 2000, wote kwa Impreza. Wazee waliosimama kandokando ya barabara kuzitazama zikipita wana haki ya kuzipenda mpaka leo. Lakini gari unalonunua yadi halikupita kule. Unachonunua ni injini fulani na giaboksi fulani, na ndani ya kampuni moja kuna zilizo nzuri na zilizo balaa.

Gasketi za Subaru ni kweli. Injini ya EJ25 isiyo na turbo, iliyokaa ndani ya Legacy, Forester na Impreza nyingi za miaka ya 2000, ilikuwa na tabia ya kuvujisha oili na maji kwenye gasketi ya silinda hedi. Fundi aliyefungua injini hizo mwaka baada ya mwaka ana kila sababu ya kuitahadharisha familia yake. Lakini Legacy ninayoisifu ina injini nyingine, FB25, iliyochorwa upya na inayotumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Kuihukumu kwa makosa ya EJ25 si haki. Inatoa nguvu za farasi 175, si gari la mashindano, lakini ukiwa unapanda Kitonga na mvua inanyesha, magurudumu yote manne yakishika lami kwa pamoja, utajua kwa nini walioizoea Subaru hawaachi kuinunua. Sharti lake ni giaboksi. Ni CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, na inataka oili yake yenyewe. Fundi akikuambia oili ya giaboksi ni oili tu, mshukuru na uondoke na gari lako.

Mark X inapendwa, na spea zake ukienda Kariakoo au Ilala hukosi. Hilo ni jambo kubwa, silidharau. Ila kuna mawili wauzaji hawasemi. La kwanza, Mark X nyingi zinasukuma tairi za nyuma tu. Yenye 4WD ni ya 2.5 peke yake, na namba yake ya chesisi inaanza na GRX125 kwa umbo la kwanza au GRX135 kwa la pili. Ukiona GRX120 au GRX130, hiyo si Four hata muuzaji akiapa. Ile ya 3.5 ambayo vijana wanaitamani haikutoka na 4WD kabisa. La pili, injini yake ya 4GR-FSE hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta, na kaboni inaganda pale. Dalili yake ni gari kutetema likiwa kwenye taa. Linasafishika, na likisafishwa linarudi kuwa Toyota. Kwa mtu anayeishi mbali na jiji, ambako fundi wa Subaru hapatikani, ningemwelekeza Mark X Four bila kusita.

Audi A4 ndiyo inayonisumbua, kwa sababu ndani inapendeza kuliko zote na bei yake inashuka haraka. Ukiikuta kwa bei ya Mark X, jiulize kwa nini. Injini ya 2.0 TFSI ya miaka ya 2009 hadi 2011 ilikunywa oili kwa sababu ya pistoni na ringi zake, mpaka wamiliki wa Marekani wakafungua kesi ya pamoja na kampuni ikakubali kuzirekebisha. Zile zilizobaki huku hazina wa kuzirekebisha isipokuwa mfuko wako, na spea utaiagiza na kuisubiri. Za miaka ya karibuni ni bora zaidi, ila sitamshauri mtu mwenye gari moja tu la kwendea kazini.

WRX S4 ya umbo lililotoka 2014 ina turbo na farasi 300. Nikiipata ambayo haijachezewa ningeinunua leo. Shida ni kuipata: wengi walioimiliki walibadilisha ekzosi na kuichokonoa kompyuta ya injini, na magari hayo huuzwa muda mfupi kabla hayajaharibika. Mafuta nayo, kwa foleni za Dar, hata Legacy na Mark X ukipata kilomita 8 au 9 kwa lita shukuru. S4 haitafika hapo.

Lolote utakalochagua, kabla hujatoa hela peleka gari kwenye eneo la lami kavu, kata usukani mpaka mwisho, uzunguke polepole kulia kisha kushoto. Likiwa zima litazunguka laini. Likiruka-ruka au kushikashika kama lina breki, mfumo wa kugawa nguvu mbele na nyuma umechoka, na kosa mara nyingi limetokana na tairi: mtu alibadilisha mbili mpya akaacha mbili zilizolika, magurudumu yakawa yanazunguka kwa kasi tofauti siku nzima na klachi ya ndani ikalipia. Kwa hiyo inama, soma saizi na kina cha michirizi ya tairi zote nne, na kama hazilingani, bei ya tairi nne mpya iondolewe kwenye bei ya gari kabla hamjaendelea kuzungumza.