Orodha ya Mafanikio ya Muhula Isiishie kwenye Tuzo

Kila muhula unapokaribia kwisha, idara yetu hutuma waraka wa kututaka tuorodheshe mafanikio yetu ili yaingie katika taarifa ya chuo na kusomwa siku ya hafla ya kufunga muhula. Waraka huo huambatana na jedwali lenye safu nne: makala zilizochapishwa, ruzuku za utafiti, tuzo, na mialiko ya makongamano. Nimelijaza jedwali hilo kwa miaka mingi, na kila ninapokaa ukumbini nikisikiliza linavyosomwa, nawafurahia kwa dhati wenzangu wanaotajwa, kwa kuwa najua makala moja inavyoweza kumaliza miaka mitatu ya mtu na ruzuku moja inavyoombwa mara tano ndipo itoke. Hata hivyo naamini jedwali hilo linapunja. Linahesabu kile ambacho mtu mmoja mmoja amepata, ilhali siku ile tumekusanyika kusherehekea kazi iliyofanywa na jumuiya nzima.

Neno jumuiya silitumii kwa mapambo. Katika Ulaya ya karne za kati, neno la Kilatini universitas, ambalo limezaa jina la chuo kikuu katika lugha nyingi za bara hilo, lilimaanisha ushirika, yaani watu waliojifunga pamoja kisheria kama walivyofanya mafundi wa siku hizo katika vyama vyao. Huko Bologna, Italia, ambako kwa mapokeo chuo huhesabiwa kuwa kilianza mwaka 1088, wanafunzi ndio waliounda ushirika huo, wakawaajiri walimu na hata kuwatoza faini waliochelewa kuanza somo. Mjini Paris walimu ndio waliojiunga pamoja. Watu walitangulia, majengo yakafuata baadaye sana, na kwa muda mrefu masomo yalifundishwa katika nyumba za kupanga na makanisani. Chuo kikuu tangu asili yake ni watu waliokubaliana kufanya kazi ambayo hakuna mmoja wao angeiweza peke yake.

Wapo wenzangu wanaoona kwamba sherehe ya kumaliza muhula haina haja, kwamba tungoje mahafali, matokeo yakiwa yamethibitishwa na seneti na kila mtu akijua alichovuna. Nawaheshimu, lakini hapo sikubaliani nao. Mahafali ni siku ya waliomaliza. Asiyemaliza hayupo, na aliyeshindwa somo moja akalazimika kurudia mwaka hana kiti siku hiyo. Mwisho wa muhula unatukuta wote tungali hapa, wa mwaka wa kwanza na wa uzamivu, waliofanya vizuri na waliopepesuka, pamoja na wafanyakazi ambao hawatavaa joho kamwe. Neno lenyewe muhula limebeba maana ya muda mtu aliopewa ili atimize jambo, na muda huo tulipewa sote kwa pamoja.

Kisa kilichonifanya nianze kulitazama jedwali kwa jicho jingine ni cha penisilini. Wengi wetu tulifundishwa jina la Alexander Fleming, aliyeigundua mwaka 1928, na waliosoma zaidi kidogo wanawajua Howard Florey na Ernst Chain wa Chuo Kikuu cha Oxford, waliogawana naye Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Norman Heatley hatajwi sana. Huyu alikuwa mwanabiokemia katika kundi la Florey, na tatizo alilokabidhiwa lilikuwa la mikono kuliko la nadharia: dawa ilikuwa ikiharibika kila walipojaribu kuitoa katika maji ya kuvu. Heatley aligundua kwamba ikipitishwa kwenye kiyeyusho kisha ikarudishwa majini kwa kubadili kiwango cha asidi, inabaki salama. Vita vilikuwa vimepamba moto na vifaa havikupatikana, kwa hiyo akaunga mtambo wake kwa madumu ya maziwa na beseni la kuogea, na baadaye akasanifu vyombo vya kauri vya kuoteshea kuvu kwa kufuata umbo la bakuli wanalotumia wagonjwa kujisaidia kitandani. Wasichana sita waliajiriwa kuvihudumia vyombo hivyo.

Tarehe 25 Mei 1940 panya wanane walidungwa bakteria wa kuua, wanne kati yao wakapewa penisilini. Heatley ndiye aliyebaki maabara usiku kucha kuwaangalia, akaandika muda wa kila kifo, na akaondoka saa kumi kasorobo alfajiri, wale wanne wasiopewa dawa wakiwa wamekufa na waliopewa wakiwa hai. Tuzo ya Nobel iligawanywa kwa wale watatu, na yeye hakuwa miongoni mwao. Mwaka 1990, miaka 45 baadaye, Oxford ilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa tiba, ya kwanza kupewa mtu asiye tabibu katika takriban miaka 800 ya chuo hicho. Natumaini ilimfariji. Lakini miaka 45 ni mingi mno kungoja chuo chako mwenyewe kikutazame vizuri.

Hata wanafunzi hupitwa hivyo hivyo. Jocelyn Bell Burnell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu kule Cambridge mwaka 1967 alipoona alama ndogo isiyoeleweka katika mamia ya mita za karatasi za darubini ya redio aliyosaidia kuijenga kwa mikono yake, na alama hiyo ikawa nyota ya kwanza ya aina ya palsa kujulikana, yaani nyota inayotoa mapigo ya mawimbi ya redio kwa vipindi sawa. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1974 ilikwenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, kwa mchango wake katika ugunduzi huo, pamoja na Martin Ryle kwa kazi yake nyingine ya kuchunguza anga kwa mawimbi ya redio. Mwaka 2018 Bell Burnell alipopewa tuzo nyingine ya dola milioni 3, alizitoa zote zifadhili wanafunzi wa uzamivu wa fizikia kutoka makundi yasiyopata nafasi kwa wingi.

Sisi hatuna palsa wala penisilini ya kutangaza muhula huu, lakini tuna watu wa aina ya Heatley. Muhula huu mafunzo ya vitendo ya kemia ya mwaka wa kwanza yaligawanywa katika makundi sita badala ya manne, kwa kuwa wanafunzi waliongezeka na maabara ikabaki ileile. Fundi sanifu wetu alikuwa akifika saa kumi na mbili asubuhi. Nilimkuta mara nyingi akiwa amepanga bureti zote, ile mirija ya kupimia vimiminika, kichwa chini zikauke, na kila chupa ameibandika karatasi yenye tarehe na ukolezi, kwa mwandiko wa herufi kubwa ili hata aliyesahau miwani asome. Jioni moja aliona chupa ya hidroksidi ya sodiamu imeachwa bila kifuniko tangu mchana. Myeyuko huo ukikaa wazi hunyonya kabonidayoksaidi ya hewani na ukolezi wake hubadilika, kiasi kwamba kundi zima lingefika asubuhi, lingefanya kazi kwa uangalifu wote, na bado lingepata majibu yasiyo sahihi na kujilaumu. Aliumwaga, akatengeneza mwingine, akaupima mara tatu kabla ya kuzima taa. Wanafunzi 40 walipata majibu mazuri kesho yake na hakuna aliyejua kwa nini.

Jambo la pili nililiona kila Jumatano jioni nikipita kuelekea getini. Wanafunzi watatu wa mwaka wa tatu walikuwa wakikaa katika chumba kimoja cha mihadhara kuwafundisha wenzao wanaorudia somo la takwimu, bila malipo na bila kuagizwa na mtu. Wiki ya mwisho nilisimama mlangoni. Ubaoni alikuwapo kijana aliyeshindwa somo hilo mara mbili, chaki mkononi, akiwaeleza wenzake jinsi namba moja kubwa inavyoweza kuuvuta wastani mpaka ukaacha kusema kweli juu ya namba nyingine zote. Alieleza taratibu, akafuta, akaeleza tena kwa mfano mwingine alipoona mmoja hajaelewa. Matokeo yake ya mtihani bado hayajatoka na sijui yatakuwaje. Nilichokiona mlangoni pale kilikuwa tayari kimetimia.

Najua hoja inayoletwa dhidi ya maoni haya: tukimtaja kila mtu, sifa zitakosa uzito. Ni hoja ya kweli, na ndiyo maana sipendi ile sentensi ya kushukuru "wafanyakazi wote kwa mchango wao" inayosomwa haraka watu wakiwa wameanza kuinuka. Sifa ya jumla haimfikii yeyote. Inayomfikia mtu ni ile inayosema alifanya nini, siku gani, na nani alinufaika, hata ikiwa fupi. Kwa hiyo siombi orodha ndefu. Naomba kila mhadhiri, anapotuma mafanikio yake, aambatanishe jambo moja alilolishuhudia kwa macho yake, lililofanywa na mtu asiyekuwa na safu katika jedwali: mkutubi, mlinzi wa zamu ya usiku, msafishaji, mwanafunzi anayerudia. Likithibitishwa na mtu wa pili, lisomwe kwa sauti ileile inayosomea tuzo.

Mimi nimeanza. Jana usiku nilituma jedwali langu likiwa na makala moja, na chini yake nikaandika mistari mitatu juu ya ile jioni ya hidroksidi ya sodiamu na mistari minne juu ya Jumatano, baada ya kuwaomba ruhusa wahusika. Asubuhi katibu wa idara alinipigia simu kuuliza, "Mwalimu, hawa niwaweke safu ipi?" Nikamwomba aongeze ya tano. Amesema lazima amuulize kwanza mkuu wa idara, na hafla ni Ijumaa.