Huku Hawatangazi Kumi Bora

Simu iliita saa tatu usiku, siku ambayo jimbo la Kentucky lilitoa matokeo ya shule zake.

"Mwalimu, pole kwa usiku. Barua ya shule imefika. Wanasema shule iko orange. Hii orange iko nini? Wanaifunga?"

Mimi si mwalimu. Ni mkalimani wa mikutano ya shule hapa Louisville, lakini mama huyu wa Fizi, Kongo, aliyelea watoto wake katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa Marekani, ameamua kuniita hivyo na nimeacha kumsahihisha. Nikamwambia hapana, hawaifungi. Kisha akauliza swali ambalo lingetoka kwa mzazi yeyote wa kwetu: "Basi, shule ni ya ngapi?"

Hapo nikakwama. Mimi ni mtu wa Kigoma, nimekulia kwenye hesabu ya kumi bora. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, likitoa matokeo ya kidato cha nne, tulikaa redioni kusikia shule kumi za kwanza. Kumi za mwisho nazo zilitajwa, na kutajwa ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe: mkuu wa shule anainamisha kichwa, wazazi wanacheka, yamekwisha. Mwaka 2023 NECTA iliacha kutangaza orodha hizo, na wengi wetu tulilalamika kana kwamba tumenyimwa ligi. Basi mtu aliyekulia huko akifika huku anatafuta namba ya shule yake kwenye msimamo, wakati sheria ya hapa haijali hata kidogo nani ni wa kwanza. Inatafuta wa mwisho, kwa sababu wa mwisho ndiye anayetakiwa kupewa fedha.

Sheria hiyo inaitwa Every Student Succeeds Act, watu wanasema ESSA. Obama aliitia saini Desemba 2015. Ni mjukuu wa sheria ya 1965 ya Rais Johnson iliyoanza kupeleka fedha za Washington kwenye shule za watoto maskini, na iliingia mahali pa sheria ya Bush ya 2002, ile iliyoagiza kwamba ifikapo 2014 kila mtoto wa Marekani awe amefaulu kusoma na hesabu. Kila mtoto, asilimia 100. Huhitaji kuwa mtaalamu kujua kilichotokea. ESSA ikalegeza kamba: kila jimbo liandike mpango wake lenyewe, liseme litapimaje shule na litazisaidiaje, lipeleke Washington, wizara ikubali. Jimbo likitaka baadaye kubadili namna ya kupima, linarudi tena kwa hodi ileile, baada ya kufungua dirisha la wananchi kutoa maoni.

Na majimbo yanabadili kweli. Kentucky tuliwahi kuwa na nyota, moja hadi tano, tukaziona mara moja tu mwaka 2019. Korona ikaingia, mitihani ya 2020 ikafutwa nchi nzima, bunge la jimbo likaandika sheria nyingine, na 2022 tukaamka na rangi: nyekundu, machungwa, njano, kijani, bluu. Nyekundu ndiyo chini, bluu ndiyo juu. Ndiyo orange ya mama huyu.

Kila mabadiliko yanapokuja, wazungumzaji kwenye mikutano wanabishana kuhusu nyota na rangi. Sina hamu na mjadala huo. Pakeni zambarau mkitaka. Kinachoamua maisha ya watoto wetu kiko kwenye kurasa za katikati za mpango, zile zenye majedwali, ambazo nimeshuhudia watu wakizipitisha kama abiria anavyopita matangazo ya usalama kwenye ndege.

Chukua idadi ya chini ya kundi. Sheria inataka shule ipimwe kwa wastani wa wote, na pia kundi kwa kundi: watoto wa familia maskini, watoto wenye ulemavu, kila rangi na asili kubwa, na wanaojifunza Kiingereza. Nia ni njema. Shule inaweza kung'aa kwa wastani huku wageni wake wakizama kimya. Lakini kundi huhesabiwa pale tu linapofika idadi fulani, na idadi hiyo inachaguliwa na jimbo lenyewe. Majimbo mengi yamechagua kati ya 10 na 30. Tuseme jimbo limeweka 30, na shule ina watoto 27 wanaojifunza Kiingereza. Matokeo yao yataingia kwenye wastani wa shule nzima, lakini kama kundi hawapo. Wakifeli wote 27, hakuna kengele ya kundi itakayolia.

Watetezi wa namba kubwa wana hoja, na si hoja ya kipuuzi. Kundi la watoto kumi likihamwa na wawili, asilimia inaruka kama mbuzi, na ukichapisha matokeo ya watoto wachache, jirani anaweza kujua mtoto wa nani amefeli. Sawa. Lakini dawa ipo: sheria inaruhusu kuunganisha matokeo ya miaka miwili au mitatu ili namba itulie. Kuwafuta watoto kwenye hesabu ili kulinda siri yao ni ulinzi wa ajabu.

Kuna jambo jingine hapohapo ambalo wenzangu wengi hawalijui. Hakuna kundi la "wakimbizi" katika vipimo hivi, wala la "Waswahili". Mtoto wa mama yule anahesabiwa mara tatu: ni mweusi, ni maskini, ni mwanafunzi wa Kiingereza. Katika kundi la tatu amewekwa pamoja na mtoto aliyezaliwa hapahapa Louisville, ambaye nyumbani wanasema Kihispania lakini katuni zote ametazama kwa Kiingereza. Tena sheria inaliruhusu jimbo kuendelea kuwahesabu humo hata waliokwisha kufuzu Kiingereza, hadi miaka minne baada ya kufuzu. Kundi linapendeza. Aliyeshuka ndege Agosti akiwa hajashika kalamu kwa miaka mitatu anafichwa nyuma ya waliofuzu. Siwaonei wivu waliofuzu, wahesabiwe, ni matunda ya walimu wao. Ninachotaka ni jedwali la pembeni linalowaonyesha wageni peke yao. Si ombi la gharama: takwimu wanazo tayari.

Maana wanazo kweli. Kila mwaka, kuanzia chekechea, mtoto anayejifunza Kiingereza hupimwa kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na hapa Kentucky mtihani huo unaitwa ACCESS, nao hutungwa na WIDA, muungano wa majimbo. Nimewaona watoto wakivaa vipokea sauti na kuzungumza na kompyuta. Mmoja alininong'oneza baadaye kwamba alidhani kuna mtu ndani anayemsikiliza akacheka, kwa hiyo akaamua kunyamaza. Maendeleo ya watoto katika mtihani huo ni kigezo cha lazima kwa kila jimbo, na ESSA ndiyo iliyokipandisha hadi meza kuu. Ila meza kuu ina viti vya mbele na vya nyuma. Kwa mgawanyo wa Kentucky uliokuja na rangi, shule ya msingi hupata pointi 51 katika 100 kwa kusoma na hesabu, 40 kwa sayansi, maarifa ya jamii na uandishi, 4 kwa mazingira na usalama wa shule, na 5 kwa maendeleo ya Kiingereza.

Tano. Mwalimu wa Kiingereza anaweza kuwatoa watoto arobaini kutoka ububu hadi kubishana naye darasani, na rangi ya shule isitikisike. Mkuu wa shule mwenye akili, na wengi wanazo, atapeleka nguvu palipo na 51. Simlaumu. Namlaumu aliyegawa pointi. Kama kuna namba moja ambayo ningeomba ibadilishwe katika mpango mzima, ni hiyo, angalau kwa shule zenye wageni wengi.

Kuhusu kijana mkubwa nitasema kidogo tu, ingawa anastahili makala yake. Akifika na miaka 17 bila vyeti, huingizwa darasa la tisa, mwanzo wa sekondari ya hapa, na saa inaanza kuhesabu: Marekani hupima nani amehitimu ndani ya miaka minne. Kentucky inastahili sifa hapa, maana huchukua wastani wa miaka minne na mitano, kwa hiyo kijana wa namna hii si hasara kamili kwa shule akichelewa. Kuna majimbo yanayohesabu hata sita. Wanaopitia mpango wasije wakauondoa mwaka huo wa tano kwa kisingizio cha kurahisisha.

Sasa turudi kwa wa mwisho. Angalau mara moja kila miaka mitatu jimbo lazima litaje asilimia 5 ya chini ya shule zinazopokea fedha za watoto maskini, pamoja na sekondari ambazo theluthi moja au zaidi ya wanafunzi hawahitimu. Kentucky imejibana zaidi: ukishuka chini ya asilimia 80 ya wahitimu, umo. Ili kuzisaidia shule hizo, jimbo hutenga asilimia 7 ya fedha za watoto maskini zinazotoka Washington. Wakaguzi huja, mpango wa kujinasua huandikwa, na huandikwa kwa kurasa nyingi.

Hapa ndipo Kentucky inaponishangaza, kwa sababu jimbo hili lina historia nzuri kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya jimbo, katika kesi iliyofunguliwa na wilaya maskini za shule, ilitamka kwamba mfumo mzima wa shule ulikuwa kinyume cha katiba. Si sheria moja, mfumo mzima. Mwaka uliofuata bunge likajenga upya, na kati ya vilivyojengwa ni baraza la kila shule: walimu watatu, wazazi wawili, na mkuu wa shule. Wazazi wawili wenye kura! Nimekalimani kwenye vikao hivyo, nimemwona baba mwenye koti la ghala la vifurushi akiuliza kwa nini basi linachelewa, na jibu likaandikwa kwenye muhtasari.

Lakini shule ikiingia kwenye ile orodha ya chini kabisa, sheria ya jimbo inasitisha mamlaka ya baraza hilo. Yanahamia juu, kwa msimamizi wa wilaya. Yaani mzazi ana kura wakati mambo ni shwari, na nyumba ikishika moto anaambiwa akae nje, wazima moto wanajua kazi yao. Naelewa kwamba baraza lenyewe huenda ndilo lililolala. Hata hivyo ESSA inadai shule hizohizo zitengeneze mpango kwa kushirikiana na wazazi, na sijawahi kuona ushirikiano uliostawi kwa kuwatoa watu mezani kwanza.

Yote haya yanazungumzwa wakati mlinda lango amepungua. Machi 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza kupunguza karibu nusu ya watumishi wake, na mwezi huohuo Rais Trump akatia saini amri ya kuanza kuifunga. Julai, wizara ikayaandikia majimbo ikiyakaribisha kuomba misamaha dhidi ya masharti ya sheria. Agosti ikafuta mwongozo wa 2015 uliokuwa ukizieleza shule wajibu wao kwa wanaojifunza Kiingereza. Baadhi ya wenzetu wakaanza kunitumia ujumbe kwamba watoto watanyimwa walimu. Hapana. Mwongozo umefutwa, wajibu haujafutwa. Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1974, kesi ya Lau iliyohusu watoto wasiojua Kiingereza, bado upo, na sheria ya bunge ya mwaka huohuo inayodai shule zimsaidie mtoto kuvuka kizuizi cha lugha bado ipo, na haki za raia hazimo katika vitu ambavyo jimbo linaweza kusamehewa. Ila tusijidanganye: Washington ikitazama kidogo, anayetakiwa kutazama zaidi ni mzazi, na mzazi wetu anasoma tangazo la maoni siku thelathini baadaye, likiwa limefungwa.

Nililieleza hili lote kwa mama yule, si usiku ule, bali Jumamosi, kwake, kwa ugali na dagaa waliotoka duka la Wakongo. Nilianza na orange. Nikaenda kwenye zile pointi tano, nikazichora kwa vijiko mezani: hivi vya kusoma na hesabu, hivi vya sayansi, hiki kimoja cha Kiingereza. Alikitazama kile kijiko kimoja muda mrefu.

"Na mtoto wangu iko kwa hiki?"

Nikasema ndiyo, hasa kwa hicho.

Akauliza maoni yanatumwa wapi. Nikamwambia jimbo likifungua dirisha, lazima yaandikwe, na kwa Kiingereza yatasomwa haraka zaidi. Akasema yeye atasema, mimi niandike. Alizungumza kwenye simu yangu dakika kumi na moja bila kupumzika, akianzia Fizi. Nimeshafika dakika ya nne kutafsiri, na hajafika Louisville bado.