Mashoto na bunduki ya masafa marefu: anunue ya kushoto au azoee ya kulia?

Mwindaji wa mashoto aliyeko Tabora, akitaka kuanza kulenga shabaha za mita 200 hadi 300, hupewa ushauri wa aina mbili zinazopingana. Wapo wanaomwambia atafute bunduki ya mashoto, yenye bolti (komeo la kuingizia risasi na kutolea ganda) upande wa kushoto, asijijengee kasoro tangu siku ya kwanza. Wengine humwambia zilizojaa nchini ni za kulia, kwa hiyo azizoee hizohizo. Pande zote mbili zina haki, ila zote hukimbilia mkono kabla ya kuuliza jicho.

Jicho hupimwa hivi. Nyosha mikono yote miwili mbele, kutanisha viganja mpaka kibaki kitundu kidogo kati ya vidole gumba, kisha utazame shina la mti lililo mita 10 hivi, macho yote yakiwa wazi. Fumba jicho la kulia. Shina likibaki kitunduni, jicho tawala, yaani lile linaloongoza kulenga, ni la kushoto. Likipotea, ni la kulia. Rudia mara tatu. Mashoto wengi hushangaa kukuta jicho lao tawala ni la kulia, na kwa anayeanza bila mazoea yoyote, huyo namshauri aweke kitako cha bunduki bega la kulia. Kazi ya mkono wa kulia hapo ni kidole kimoja cha triga na kufungua bolti. Mkono wake wenye nguvu unabaki kutuliza silaha. Ugomvi wa bunduki ipi kwake umekwisha.

Anayebaki na swali ni yule ambaye jicho na mkono vyote ni vya kushoto. Asilazimishwe bega la kulia kama tulivyolazimishwa kalamu utotoni. Lakini je, bolti ya kulia inamzuia kupiga mbali?

Mtazame akiwa amelala kifudifudi, mtutu umeegemea kishikizo cha miguu miwili na kitako kiko juu ya kimfuko cha mchanga. Mkono wa kushoto uko kwenye triga, wa kulia unabinya kimfuko. Risasi ikitoka, mkono wa kulia unapanda, unafungua bolti, unaifunga, unarudi kwenye kimfuko. Mkono wa triga haukutoka mahali pake, shavu halikuinuka, na jicho limeona risasi ilipotua. Mtumia kulia mwenye bunduki hiyohiyo analazimika kuachia triga kila risasi. Gharama yake kwa mashoto ni kwamba kimfuko kikiachiwa kitako hushuka kidogo, hivyo lazima atulize upya kabla ya risasi ya pili. Kwa masafa marefu ya kulala chini, basi, bolti ya kulia si kilema hata kidogo. Wanaoikataa kwa sababu hiyo wanakosea.

Sasa msimamishe kwenye fimbo tatu, zile zinazofungwa pamoja juu ili kuegemeza mtutu. Mkono wa kulia umeshika mtutu na fimbo kwa pamoja. Akitaka kufungua bolti ama auachie mtutu, ama avushe mkono wa kushoto juu ya darubini. Vyovyote vile mtutu unayumba. Kwa swala wa mita 150 hilo linavumilika. Kwa nyati aliyejeruhiwa na kuingia kichakani, halivumiliki, na hapo wanaotetea bunduki ya mashoto wana hoja isiyojibika.

Kuna na suala la uso. Shavu la mashoto hulala upande wa kulia wa kitako, upande uleule ambako ganda la moto hutokea. Fataki, ile ya kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda, ikitoboka, gesi hupita karibu na jicho lake kuliko la mtumia kulia, kwa hiyo miwani ya kinga si pambo. Kitako chenye uvimbe wa shavu upande wa kushoto hakimfai. Atafute kilicho sawa pande zote, au afunge sponji ngumu juu yake mpaka jicho likae katikati ya darubini bila kunyoosha shingo.

Upande wa kupatikana, Savage ilianza kutoa bunduki ya mashoto, modeli 110, mwaka 1959, na baadaye watengenezaji wengine, Tikka na Remington, nao walizitoa. Lakini zinazozunguka mikononi mwetu ni chache. Kibali cha silaha nacho huambatana na silaha yenyewe, kwa hiyo kununua isiyofaa si kosa la kurekebishwa wiki ijayo. Na bunduki yako ikiharibika kambini, utakayoazimwa itakuwa ya kulia tu.

Mafunzo pia yana mtego. Mtumia kulia anayekwapua triga, risasi yake mara nyingi hukengeuka upande mmoja. Ya mashoto huenda upande wa pili. Mwalimu asiyelijua hilo atalaumu upepo na kuzungusha darubini, na kosa litabaki palepale. Upepo wenyewe una hesabu yake: wa kilomita 16 kwa saa ukivuka njia ya risasi ya saizi ya .308 huisogeza karibu sentimita 20 kwa mita 300. Bunduki iliyowekwa sawa kwa mita 100 itaangusha risasi karibu nusu mita hapo. Mbofyo mmoja wa kirekebishio cha darubini, mil 0.1 (mil ni kipimo cha pembe), ni sentimita 1 kwa mita 100, sentimita 3 kwa mita 300. Hesabu hizi hazijui mkono.

Miombo yetu nayo haimpi mtu mita 300 mara nyingi. Palahala na korongo, swala wakubwa wa msituni, huonekana kati ya mashina, mara nyingi chini ya mita 150, na Ugalla yenye mbuga wazi ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019, haiwindwi. Kwa hiyo ninayempima mashoto sitamweka chini kwanza. Nitampa bunduki tupu ya kulia kwenye fimbo tatu, alenge, abonyeze triga, afungue na kufunga bolti, alenge tena, mara 20. Kama baada ya wiki mbili za hivyo shabaha bado inamtoka darubinini kila akigusa bolti, na kibali anachoomba ni cha .375 ya nyati, asubiri bunduki ya mashoto hata kama ni mwaka mzima. Kama ni .308 ya swala, achukue ya kulia iliyopo.