Kishikwambi kishikwe na nani?

Mwaka jana nilifika kwenye shule moja ya msingi kuonana na mwalimu mkuu. Wakati namsubiri ofisini nikaona kabati la chuma lenye kufuli mbili. Alipoingia akanieleza kuwa ndani mna vishikwambi, yaani tableti. Wafadhili walivileta, vikatumika miezi michache, umeme ukaanza kusumbua, kimoja kikapasuka kioo, kingine hakikuonekana tena, na mali ya shule ikipotea anayeitwa kujieleza ni yeye. Basi akavifungia. Sikuweza kumlaumu. Upande wa pili wa ukuta darasa la pili lilikuwa likiimba silabi, ba be bi bo bu, watoto 84 kwa mwalimu mmoja.

Nikiwasikiliza wanaobishana kuhusu teknolojia shuleni, nakuta kambi mbili. Wa kwanza wanasema mpe kila mtoto kifaa, kwa kuwa dunia haitatusubiri. Wa pili wanasema hayo ni matumizi mabaya ya fedha: jenga vyoo, ajiri walimu, nunua vitabu. Kila kambi ina tafiti za kuegemea, na baadhi zimefanyika hapa hapa kwetu. Nimezisoma kwa muda sasa, na naona swali la kifaa kiwepo au kisiwepo linatupotezea muda. Linalofaa kuulizwa ni nani anakishika, na kinamsaidia kufanya kazi gani ambayo leo haifanyiki.

Nianze na ushahidi mzito wa kambi ya kwanza, kwa sababu mara nyingi unapuuzwa. Kati ya 2017 na 2019 shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE lilifanya majaribio katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga, kwa ushirikiano wa Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili na hesabu, na vijijini vikawekwa vituo vya kuchaji kwa umeme wa jua. Mwalimu hakuwapo. Asilimia 74 ya watoto hao walielezwa kuwa hawajawahi kuhudhuria shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10 mwezi Mei 2019.

Hilo si jambo dogo. Mtoto anayechunga mbuzi, ambaye shule iko mbali kuliko miguu yake inavyoweza kumfikisha kila siku, alijifunza kusoma neno bila kufundishwa na mtu mzima. Anayebeza matokeo hayo hajakaa na mtoto wa miaka kumi asiyejua kutofautisha b na d.

Lakini tuyasome matokeo hayohayo kwa upande wa pili. Baada ya miezi 15 na kifaa mkononi, takriban nusu ya wale wasiojua kusoma walikuwa bado hawawezi kusoma hata neno moja. Isitoshe, kipimo cha neno moja ni kizingiti cha chini sana. Kati ya kulitambua neno "baba" na kusoma aya ukaielewa kuna safari ndefu. La muhimu zaidi, majaribio yale hayakulinganisha kishikwambi na mwalimu aliyeandaliwa vizuri. Yalilinganisha kishikwambi na kukosa kabisa. Kwa mtoto asiye na shule, jibu ni zuri. Kwa wale 84 wenye mwalimu, halituambii mengi.

Kwa hao 84 inabidi tuvuke mpaka hadi Kisumu, Kenya. Miaka zaidi ya kumi iliyopita, watafiti wa PRIMR, mradi wa kuboresha kusoma na hesabu katika shule za msingi za Kenya, walifanya jambo ambalo ningependa kila ofisa anayesaini mkataba wa vifaa alijue. Walichukua programu moja ya kufundisha kusoma katika madarasa ya kwanza na ya pili, yenye vitabu, kiongozi cha mwalimu, mafunzo na ziara za kumsaidia mwalimu darasani, wakaigawa katika njia tatu. Kundi moja la shule, tableti alipewa mkufunzi anayezitembelea. Kundi la pili, tableti akapewa mwalimu. Kundi la tatu, wanafunzi wenyewe wakapewa visomeo vya kielektroniki. Kukawa na kundi la nne lisilopewa chochote, la kulinganishia.

Makundi yote matatu yaliwashinda wa kundi la nne. Lakini yenyewe kwa yenyewe hayakutofautiana kwa kiwango cha kuaminika. Mtoto mwenye kisomeo chake hakumpita mtoto ambaye kifaa pekee katika maisha yake ya shule kilikuwa mkononi mwa mkufunzi aliyekaa nyuma ya darasa akiandika yanayotendeka. Gharama ndizo zilizotofautiana sana, maana wakufunzi ni wachache na wanafunzi ni wengi mno. Kwa kila shilingi iliyotumika, kumpa mkufunzi kifaa kulizaa zaidi.

Utafiti huo haukubaki kabatini. Programu ya Tusome, iliyoanza 2015 na kufika katika shule za msingi za umma nchi nzima ya Kenya, ilifuata njia hiyo: kitabu kwa kila mtoto, kiongozi cha mwalimu kwa kila mwalimu, na tableti kwa maofisa wa mtaala wanaozungukia shule. Katika miaka hiyohiyo Serikali ya Kenya ilikuwa ikitimiza ahadi nyingine, ile ya uchaguzi wa 2013 ya kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Vifaa zaidi ya milioni moja vilianza kusambazwa 2016. Shule nyingi ziliunganishiwa umeme kwa sababu yake, na faida hiyo ni ya kweli. Lakini vifaa vingi viliishia kufungiwa kwa kuhofia wizi, kama vya rafiki yangu mwalimu mkuu.

Peru ilikuwa imeyaona hayo mapema. Ilinunua kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu. Utafiti uliofanyika katika shule 319 za vijijini, uliochapishwa 2012, haukukuta nyongeza yoyote kwenye alama za hisabati wala lugha. Watoto waliitumia mashine. Ila hakuna aliyekuwa amepanga itumike kufundishia nini.

Sasa hoja ya kambi ya kwanza iliyo ngumu kuijibu. Darasa letu si darasa moja. Katika wale 84 wamo wanaosoma aya, wamo wanaohangaika na silabi, na wamo waliokwisha kukata tamaa, wanaimba kwa kufuata midomo ya wenzao. Mtaala unamtaka mwalimu aende na ukurasa wa wiki hiyo. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, miaka ya 1990 watafiti waligawa vitabu vya kiada vya Kiingereza, wakakuta waliofaidika ni waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Wengine hawakuweza kuvisoma. Nao waliokuwa wakidai "nunua vitabu" wana la kujifunza hapo.

Mashine inayompima mtoto na kumpa swali la ngazi yake inagusa kidonda hichohicho. Delhi, nchini India, programu ya Mindspark ilitumika baada ya masomo kwa wanafunzi ambao wengi walikuwa nyuma ya darasa lao kwa zaidi ya madarasa mawili. Kwa miezi minne na nusu tu, alama za hisabati na Kihindi zilipanda kwa kiasi ambacho watafiti wa elimu hukiona kwa nadra. Ila katika kila kipindi cha dakika 90, nusu ilikuwa ya mashine, na nusu ya mtu mzima aliyekaa na kikundi kidogo.

Tena, kupanga watoto kwa ngazi kunawezekana bila betri. Utafiti wa wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, uliochapishwa 2011, ulihusisha shule 121 za magharibi mwa Kenya zilizoongezewa mwalimu wa darasa la kwanza. Katika baadhi, watoto waligawanywa mikondo miwili kwa alama walizokuwa nazo. Katika nyingine, kwa bahati nasibu. Walipopangwa kwa ngazi, wote walipanda, wa mkondo wa chini na wa juu. Najua hofu ya wazazi, kwamba mtoto akiwekwa kundi la chini ataitwa mjinga maisha yake yote. Ni hofu ya haki, hasa pale mwalimu naye anapoamini hivyo. Kundi lazima liwe la somo na la muda, mtoto ahame anapopanda.

Upande wa jamii unanisumbua kuliko takwimu zote hizi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nyumba nyingi nilizozijua zilikuwa na simu moja, kitochi, na ilikuwa ya baba. Akitoka, imetoka. Ikirudi jioni, kaka mtu ndiye wa kwanza kuishika, na binti yuko jikoni. Ukileta somo la intaneti katika nyumba ya namna hiyo, unamwongezea aliyekwisha kuwa nacho. Ndiyo maana nilivutiwa na jaribio la Botswana la mwaka huo, lililotumia kitochi hichohicho: kaya 4,500 hivi, na mwalimu anayempigia mzazi na mtoto mara moja kwa wiki wakafanya hesabu pamoja kwa dakika chache. Waliopata simu na ujumbe mfupi walipanda. Waliopata ujumbe peke yake hawakupanda. Jaribio lilirudiwa katika nchi tano, zikiwamo Kenya na Uganda, na likafaulu tena. Hata hivyo jaribio jingine la simu za wiki nchini Kenya halikubadili alama. Kwa hiyo nami sitasema simu ni dawa.

Tahadhari hiyo inahusu tafiti zote. Huko Kenya kuliwahi kulinganishwa shule zenye chati za ukutani na zisizo nazo, zenye chati zikaonekana bora sana. Watafiti walipozigawa chati kwa bahati nasibu, ubora ule wote ukayeyuka. Shule zilizokuwa na chati zilikuwa na mengine mengi mazuri. Kila ninapoonyeshwa picha ya shule yenye maabara ya kompyuta na ufaulu mkubwa, nawaza chati zile.

Na kwetu Tanzania upo utafiti wa KiuFunza, uliofanyika 2013 na 2014 katika shule 350. Shule zilizopewa fedha za ruzuku peke yake hazikuonyesha nyongeza ya kujifunza. Zilizopewa ruzuku pamoja na bonasi ya mwalimu kwa kila mtoto anayefaulu zilipanda waziwazi. Fedha na vifaa vilizaa matunda pale mwalimu alipokuwa na sababu na uwezo wa kuvitumia.

Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi imewekwa kwenye sera kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Hakuna kishikwambi cha bei hiyo. Kwa sababu hiyo siungi mkono kifaa kwa kila mtoto aliye tayari darasani. Naunga mkono vituo kama vile vya Tanga pale ambapo shule haifikiki. Na kwa shule zetu za kawaida, vifaa vimekwisha kununuliwa: vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 vilikabidhiwa walimu. Kilichobaki ni kuwekwa ndani yake kiongozi cha kila kipindi cha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) na zoezi fupi la kumpima mtoto mmoja mmoja, kisha Ofisa Elimu Kata apewe nauli ya kufika darasani badala ya kusubiri ripoti ofisini.

Mwalimu wa wale 84 anacho kishikwambi chake. Nilipomuuliza anakitumia kwa nini, alinifungulia ukurasa wa majina ya watoto, na kando ya kila jina ameandika herufi moja: S kwa silabi, N kwa neno, A kwa aya. Aliwasikiliza mmoja mmoja wakati wa mapumziko, ikamchukua siku nne. Hakuna aliyemwagiza, wala hajapata mtu wa kumwonyesha hatua inayofuata. Herufi S zilikuwa 51.