Vitabu kwanza, vishikwambi sanduku moja

Shule ya msingi yenye fedha za kununua kitu kimoja tu cha kusomea inunue vitabu. Vishikwambi vifuate baadaye, tena sanduku moja la shule nzima. Najua wazazi kikaoni hushangilia zaidi wakisikia kila mtoto atapata chake.

Kenya ilijaribu njia zote mbili. Kuanzia 2016 serikali iligawa vifaa zaidi ya milioni moja kwa shule za umma, ikianzia darasa la kwanza. Vingi viliishia kufungiwa ofisini kwa hofu ya wizi. Mpango wa Tusome, ulioenea kitaifa 2015, ulimpa kila mtoto kitabu chake na mwalimu mwongozo wa kila somo; vishikwambi wakapewa maofisa wanaokagua ufundishaji. Usomaji ulipanda. Hata majaribio ya awali kule Kisumu yalionyesha kwamba kumpa mtoto kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki hakukuleta faida kubwa kuliko kumpa kishikwambi ofisa anayemsaidia mwalimu, ilhali gharama zilipishana mno.

Mtu atanitajia Tanga. Ni kweli, katika XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kujifunzia lililofikia tamati 2019, watoto wapatao 2,700 wa vijiji vya mkoa huo wa Tanzania walijifunza kusoma Kiswahili kwa vishikwambi. Lakini wengi wao hawakuwa shuleni kabisa, programu zilitengenezwa kwa ajili yao, na vijiji viliwekewa vituo vya kuchajia kwa jua. Ukiwa na mwalimu na ubao, hesabu ni nyingine. Halafu darasa la kwanza na la pili ni miaka ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu: mkono unatakiwa uzoee penseli, na kidole kinachoteleza kwenye kioo hakiuzoeshi.

Kwa hiyo nianzie darasa la tatu, vishikwambi 20, watoto wawili kwa kimoja. Darasa la watu 80 ligawanywe nusu: 40 wanatumia vifaa, 40 wanasoma vitabu, kisha wanabadilishana. Dakika 40 za kipindi hazitoshi, maana kugawa na kukusanya tu kunakula kama dakika kumi. Viwekwe vipindi viwili mfululizo. Kila kifaa kiandikwe namba kwa rangi isiyofutika, na mtoto apewe namba ileile kila siku. Skrini ikipasuka inajulikana ilikuwa mikononi mwa nani.

Umeme ndio unaoziumbua bajeti. Betri ya 5,000 mAh ina takriban saa-wati 18.5, ukiongeza unaopotea njiani, weka 25. Vifaa 20 vinataka nusu uniti kwa chaji moja kamili, wala si nyingi. Kwenye sola, paneli ya wati 200 inatosha siku ya jua zuri, ila jua linawaka saa zilezile vifaa viko darasani. Ama mvichaji mchana baada ya vipindi, ama mnunue na betri ya kutunzia umeme, na hiyo ndiyo husahaulika kwenye maombi ya fedha. Msirundike chaja 20 za bei chee kwenye ekstensheni moja; miguu ya chaja inalegea, inapata moto, plastiki inayeyuka. Chaja mbili nzuri zenye matundu kumi kila moja zinafaa zaidi.

Likizo ya Desemba huua vifaa vingi kuliko watoto wanavyoviharibu. Kikiachwa na chaji sifuri kabatini chini ya bati, Januari betri haiamki. Kikiachwa kimejaa kwenye joto hilo, huvimba na kusukuma kioo. Vichajiwe hadi nusu, vizimwe, na mtu avikague kila mwezi.

Maudhui yapakuliwe kabla. Kolibri, programu ya masomo, hufanya kazi bila intaneti, na maktaba ya mtandaoni ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili za bure. Zimeni masasisho ya kujiendesha: gigabaiti moja mara vifaa 20 inamaliza kifurushi cha mwezi asubuhi moja.

Kabla ya kusaini, muulizeni muuzaji kioo na tundu la chaji vya toleo hilo vinauzwa bei gani Kariakoo. Akibabaika, chagueni toleo jingine. Agizeni pia vioo viwili vya akiba pamoja na mzigo, na mwalimu atakayeshika funguo atajwe kwa jina kwenye muhtasari wa kikao, pamoja na vipindi atakavyopunguziwa ili aifanye kazi hiyo.