Kibebeo cha kichocheo: tukirekebishe hadi wapi?

Kichocheo huharakisha mmenyuko wa kemikali, na kibebeo ni unga wenye vitundu vidogo unaoishikilia metali ifanyayo kazi hiyo. Gramu moja ya alumina ya gama, umbo la oksidi ya alumini lenye vitundu vingi, inaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 200. Ukiweza kulikunjua, linakaribia uwanja wa tenisi. Ndani ya vitundu hivyo ndimo zinamokaa chembe za platini, paladi au rodi. Wapo wanaoiona alumina kama rafu tu: kazi ni ya metali, ya nini kuhangaika na rafu? Mimi sikubaliani nao, ingawa hoja yao ina uzito.

Joto ndilo linaloiumbua alumina. Likipita nyuzi 1,000 za Selsiasi, gama hugeuka alfa, umbo jingine la alumina lililoshikamana zaidi, vitundu hufunga, eneo hushuka hadi chini ya mita za mraba 10, na metali ya bei kubwa hufukiwa humo humo. Dawa yake ni lanthani, metali mojawapo ya zile ziitwazo ardhi adimu, asilimia chache tu. Nitrati ya lanthani huyeyushwa majini, ikadondoshwa juu ya unga mkavu huku ukikorogwa, mpaka vitundu vishibe na unga uanze kushikana kama mchanga mbichi. Hapo mkono usimame, maana maji yakizidi, lanthani hukaukia juu juu. Kisha unga hukaushwa na kuchomwa tanurini. Hutoka mweupe vilevile, lakini sasa mgeuko wa kuwa alfa umecheleweshwa.

Nyongeza nyingine ni seria, yaani oksidi ya seri. Hiyo hufyonza oksijeni inapozidi na kuitoa inapopungua, sifa inayohitajika sana katika kusafisha moshi wa magari ya petroli. Ikiwa peke yake huchoka kwa joto. Ikichanganywa na zirkonia, yaani oksidi ya zirkoni, hustahimili zaidi, tena huitoa oksijeni kwa wepesi.

Wenye shaka wanasema kila nyongeza huleta jambo jingine la kuharibika. Kweli. Lanthani nyingi huziba vitundu. Seria na zirkonia zisipochanganyika vizuri tangu mwanzo, joto huzitenganisha. Na kibebeo kinaweza kuimeza metali yenyewe: mwaka 1978 mkemia Tauster na wenzake wa kampuni ya mafuta ya Exxon walieleza jinsi platini iliyobebwa na titania, yaani oksidi ya titani, ikipashwa kwenye hidrojeni hadi nyuzi 500, inavyokaribia kupoteza kabisa uwezo wa kushika hidrojeni. Baadaye ilibainika kwamba utando mwembamba wa oksidi ya titani huitambalia metali na kuifunika. Ajabu ni kwamba utando huohuo, ukidhibitiwa, huweza kuzizuia chembe zisihame na kuungana.

Kwa hiyo naunga mkono nyongeza inayotibu ugonjwa unaojulikana; ya kujaribu bahati siitaki. Ugomvi wangu mkubwa ni na vipimo vya siku ya kwanza, kichocheo kikiwa bado kipya, ambapo alumina tupu inaweza kulingana na yenye lanthani, hata kuipita. Sampuli zote mbili zikae kwanza kwenye tanuru kali lenye mvuke wa maji, ndipo zipimwe.