Sanamu ya Malkia Tetisheri: Uzuri Wake Hautoshi Kuitetea

Kwa karibu miaka mia moja, ukitaka kumwona Malkia Tetisheri, bibi yake Farao Ahmose aliyewafukuza Wahiksosi, watawala wa kigeni waliotoka Asia, nchini Misri, ulionyeshwa sanamu moja ya jiwe la chokaa isiyofika sentimita 40. Jumba la Makumbusho la Uingereza, jijini London, liliipata mwaka 1890. Malkia ameketi, mwembamba, na mabawa ya kilemba chake chenye umbo la tumbusi yanauzunguka uso wa msichana.

Mwaka 1984 W. V. Davies, mtaalamu wa jumba hilohilo, alitangaza kwamba ni bandia. Alilinganisha maandishi ya kwenye kiti na yale ya sanamu nyingine ya Tetisheri, iliyobaki sehemu ya chini tu, ambayo ilikuwa katika taasisi ya Wafaransa mjini Cairo. Maneno yalikuwa yaleyale, ila ya London yalikuwa na makosa ya mtu anayenakili asichoweza kukisoma.

Wanaoitetea wana hoja ambayo siwezi kuipuuza: maandishi ya uongo hayalifanyi jiwe kuwa la uongo. Mfanyabiashara aliyepata sanamu ya kale isiyo na jina angeweza kuichonga jina la malkia ili bei ipande. Na umri wa sanamu ya chokaa haupimiki kama wa mti au mfupa. Maabara itakwambia jiwe lina umri gani, si lini lilichongwa.

Hoja yao ya pili, kwamba kazi nzuri namna ile haiwezi kuwa ya mghushi, naikataa kabisa. Mwaka 2003 makumbusho ya Bolton, Uingereza, yalilipa takriban pauni 440,000 kununua sanamu ya binti wa kifalme wa enzi ya Amarna, yaani wakati wa Farao Akhenaten. Wataalamu waliikagua wakaipitisha. Kumbe aliichonga Shaun Greenhalgh, mkazi wa mji huohuo, na mwaka 2007 akafungwa.

Kwa hiyo nasimama na Davies. Anayedai jiwe ni la kale ndiye alete ushahidi, maana kitu pekee kilichoiunganisha sanamu ile na Tetisheri ni maandishi, nayo yameanguka. Inaniuma, kwa sababu uso ule niliupenda. Lakini Tetisheri hapotei nao. Lipo jiwe la kumbukumbu lililofukuliwa Abydos, mji wa kale wa Misri, na katika maandishi yake Ahmose anasema atamjengea bibi yake piramidi. Juu ya maneno hayo amechongwa Tetisheri mwenyewe, ameketi, mjukuu amesimama mbele yake akimtolea sadaka.